Heshima ya ushauri iko kwenye kitenzi

Kila muhula nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu, niliwapa wanafunzi kazi ileile: mwandikie mjomba wako barua umshauri asiuze shamba la familia. Barua zilizorudi zilifanana kama zimetoka mkono mmoja. Aya ya kwanza, shikamoo na habari za afya. Aya ya pili imejaa "tafadhali sana", "samahani mjomba", "naomba unisamehe kwa haya nitakayosema". Halafu, baada ya radhi zote hizo, linatua neno lenyewe: "Acha kuuza shamba." Mjomba wa watu ameombwa radhi nusu ukurasa ili mwishoni apigwe amri na mtoto anayemlipia ada.

Wanafunzi wale walikuwa na adabu, hilo sina shaka nalo. Walichokosa ni mahali pa kuiweka. Kwa Kiswahili, heshima ya ushauri hukaa ndani ya kitenzi: kwenye kiambishi cha mwanzo, kwenye irabu ya mwisho, kwenye njeo, yaani wakati wa tendo. Hizo tafadhali na samahani za mbele ni mapambo. Zina kazi yake, lakini haziwezi kukiokoa kitenzi kilichokaa vibaya. Ndiyo maana kwenye ushauri siwezi kutenganisha sarufi na adabu. Ukikosea kiambishi, mara nyingi umekosea na heshima, hata kama moyo ulikuwa safi.

Tuanze na amri tupu, maana inasingiziwa sana. Soma. Pumzika. Nenda, njoo na lete, hizo tatu zenye umbo lao wenyewe. Amri si ukorofi. Mama humwambia mwanawe "Kula" kwa mapenzi yote. Shoga humwambia shoga yake "Achana naye huyo" na wanaendelea kusukana. Ukimwambia mtu mliyekua naye "ningependa kukushauri kwamba ingefaa uachane naye", atashtuka akuulize kwani kuna nini. Kwa rika lako, kuremba kupita kiasi ni kumweka mtu mbali. Amri inadai jambo moja tu: kwamba nyinyi wawili mko daraja moja, au wewe uko juu yake. Ukiitoa bila kuwa na mojawapo, hapo ndipo watu wanapotazamana.

Sasa tazama herufi moja inavyofanya kazi. "Mwone daktari." "Umwone daktari." Kitenzi cha amri kikibeba kiambishi cha mtendwa huishia na -e: mwone, msaidie, wasikilize. Lile umbo ambalo wanasarufi huliita dhamira tegemezi nalo huishia na -e: umwone, umsaidie, uwasikilize. Kwa hiyo hapo kinachotenganisha amri na ushauri ni hiyo u- ya mwanzo peke yake. "Mwone" inamsukuma mtu mgongoni. "Umwone" imemtaja yeye kuwa ndiye mwenye safari. Mimi husikia pia tofauti ya muda: mwone ni sasa hivi, umwone ni ukipata nafasi. Ukiongeza -ka-, "ukamwone", safari yenyewe imeshaingia ndani ya neno, na mtu anajua umefikiria mpaka nauli.

Kwenye kukataza, lugha haikutupa amri kabisa. Tunatumia umbo hilohilo la -e: usiende, usinunue, usimjibu. Kwenye karatasi ni laini, kwenye sikio ni kali, pengine kwa sababu tumezoea kulisoma ukutani. Ni nani wa Dar es Salaam asiyeijua "Usikojoe hapa", yenye rangi nyekundu na herufi zinazoteremka? Ndiyo maana wenye busara ya maneno hukataza kwa kuzunguka: "Usije ukanunua kiwanja halafu ukakuta kina mwenyewe." Hapo hujamkataza mtu kununua. Umemkataza janga, na janga kila mtu yuko tayari kukatazwa.

Kosa ninalolikuta zaidi siku hizi, hata kwa wenye shahada zao, ni "inafaa unapumzika" na "lazima unakunywa maji mengi". Baada ya inafaa, lazima, sharti, ni vyema, afadhali na heri, kitenzi kinataka ile -e: inafaa upumzike, afadhali usubiri, heri umwambie mapema. Ukipachika -na- hapo, sentensi inaacha kushauri na kuanza kusimulia, kana kwamba mtu ameshajilaza na wewe umekuja kumpongeza. Vitenzi vya silabi moja navyo vina mtego wake. Ni ule, uje, unywe. Ile ku- hudondoka. Nairobi watu husema "ukule" na "ukuje", wanaelewana vizuri tu, na mitaani sina ugomvi nayo. Kwenye barua ya mkwe nisingeiandika. Ukifika kwenye -nge-, ku- inarudi yenyewe: ungekula, ungekuja.

Halafu kuna hili la "naomba kunisaidia", ambalo limeenea mpaka ofisini. Kitenzi kinachofuata naomba kikianza na ku-, mtendaji ni yuleyule anayeomba: naomba kuuliza, naomba kupita, naomba kuondoka. Kwa hiyo mwenye kusema "naomba kunisaidia" ameomba ruhusa ya kujisaidia, na kujisaidia kwa Kiswahili kuna chumba chake. Aseme "naomba unisaidie", kazi ihamie kwa anayeombwa, basi.

Nikiwa hapohapo kwenye naomba: mtu wa Tanzania akifika Nairobi akasikia "nipe maji" dukani, huona kama ametukanwa jirani yake. Kwetu ni "naomba maji makubwa", hata pesa ikiwa mkononi. Lakini mwenye kusema nipe hana kiburi, na muuzaji wake hajaumia. Mazoea ya kuomba tu yanatofautiana. Nalitaja hili kwa sababu watu wa mwambao na wa Tanzania tuna tabia ya kuwapimia wenzetu adabu kwa kitenzi chetu, na tunapenda kuwashauri juu ya hilo bila kuombwa.

Njeo nayo ni chombo cha heshima, na hili hakuna aliyenifundisha darasani. Mtu anapiga simu: "Samahani, nilikuwa naomba kukushauri jambo moja." Nilikuwa lini? Ombi ni la sasa, mshauri yuko kwenye laini, jambo lenyewe halijasemwa. Lakini amelirudisha nyuma kidogo ili msikilizaji akitaka kulikataa, akatae kitu kilichopita. Mwanafunzi akiiandika kwenye insha, kuna mwalimu atampigia mstari. Mimi simpigii.

Dada yake mkubwa ni -nge-. "Ungemwona daktari." "Ungesubiri mvua zipungue kwanza." Na ile inayopendwa kuliko zote, "Ingekuwa mimi, ningesubiri." Hii ya mwisho ina werevu: mshauri anajishauri mwenyewe kwa sauti, na mwenye shida anasikia kwa bahati. Kukanusha kuna njia mbili, usingeenda na hungeenda, na zote zinakubalika. Kinachokataliwa ni kuchanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja, na kwa mshauri -ngali- haina kazi kabisa. "Ungalinisikiliza usingalipata hasara" ni kauli ya baada ya mazishi. Sarufi yake imekamilika, kila kiambishi kipo mahali pake, na ni njia ya kumsuta mtu aliyekwisha anguka. Ukijikuta unaifikia -ngali-, muda wa kushauri umepita, mpelekee mtu unga.

Maswali je? Hapa ndipo wageni wa lugha hujikwaa, na wenyeji pia wakiwa na hasira. Chukua hizi tatu: "Si uende hospitali?" "Kwa nini usiende hospitali?" "Mbona huendi hospitali?" Ya kwanza ni ya upole, karibu inasukuma mlango kwa kidole, hiyo "si" ya mbele haikanushi kitu, inakaribisha. Ya pili ni ushauri wa heshima unaoweza kuandikwa hata kwenye barua. Ya tatu ni mashtaka. Mbona inamtaka mtu ajieleze, na mtu anayejieleza hashauriki, anatafuta sababu mpya za kutokwenda. Nimeshuhudia kikao cha familia kikivunjika kwa mbona moja.

Lakini kama ningeambiwa nichague umbo moja tu la kushauria watu wazima, ningechukua "mtu". Sikiliza wazee wanavyokaa barazani. "Mtu ukiwa na presha unapunguza chumvi." "Mtu unapofika umri huu unalala mapema." Tazama kilichotokea: sentensi imeanza na mtu, ambaye ni yeyote, wa pale au wa mbali, kisha kiambishi kimeteleza kikawa u-, ambaye ni wewe uliyeketi mbele yangu. Kisarufi ni kosa. Mtu anataka a-: mtu akiwa na presha hupunguza chumvi. Kwenye mtihani ningekata alama, na nimezikata nyingi. Sebuleni naitumia kila siku. Ukisema kwa usahihi kamili, ushauri unabaki kuwa habari ya watu wengine, na mzee atakubali kwa kichwa huku akinyunyiza chumvi. Ukisema "wewe ukiwa na presha", umemnyooshea kidole. Ule utelezi wa kutoka mtu kwenda u- unamfikia bila kumgusa. Sidhani kama ni uzembe wa lugha. Nadhani watu waliuhitaji wakautengeneza, na sarufi ya shule haijaufikia bado.

Kuna pia tu- ya kujiingiza. Muuguzi anayesema "Tumeze dawa zetu vizuri, eh mama?" hana kidonge hata kimoja mfukoni. Konda wa daladala anasema "Tusogee nyuma jamani, nyuma kweupe" akiwa ananing'inia mlangoni, mahali ambapo hakuna nyuma. Watu wanasogea. Umbo hili lina kikomo, hata hivyo. Kwa mtoto na mgonjwa linafaa. Kwa mtu mzima mwenye akili zake timamu, ukimwambia "tupunguze kunywa" atakuuliza wewe huwa unakunywa saa ngapi.

Serikali nazo hushauri, na historia ya Tanzania ina mifano mizuri ya namna ya kushauri umma bila kuufokea. Mwaka 1973 nchi nzima ilikalishwa mbele ya redio kwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya kusikiliza viliundwa vijijini, watu wapatao milioni 2 wakashiriki, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Angalia jina. Halina amri, halina hata kitenzi cha kutenda. Lina "ni" tu. Mwaka 1972 kulikuwa na Siasa ni Kilimo, mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na miaka ya karibuni tumeona Nyumba ni Choo kwenye kampeni ya usafi wa mazingira. Umbo ni lilelile kwa karibu nusu karne: jambo fulani ni jambo fulani. Huwezi kubishana na "ni" kama unavyobishana na "chimba". Ukiambiwa chimba choo, unaweza kujibu kwamba mwambieni waziri achimbe. Ukiambiwa nyumba ni choo, unageuka kutazama nyumba yako.

Linganisha na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Hapo ni amri, tena ya umoja, imebandikwa kwenye vioo vya magari nchi nzima. Sioni kosa lake. Dereva ana sekunde chache za kusoma, na hakuna mwenye muda wa kuandikiwa "ingefaa uende kwa usalama". Vivyo hivyo ile kampeni ya vijana na UKIMWI ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Usione soo, sema naye. Ni usi- ikifuatwa na amri, lakini soo ni neno la vijana wenyewe, kwa hiyo aliyesikika akisema ni mwenzao wa kijiweni, na mwenzako ana haki ya kukuamuru. Ingeandikwa "Usione aibu, zungumza na mwenzi wako", ingekuwa sauti ya mwalimu wa zamu.

Nirudi nyumbani, maana ushauri mgumu kuliko wote uko kwa wakwe. Binti wa kaka yangu ni muuguzi, ameolewa Tanga. Mama mkwe wake ana ugonjwa wa sukari, na asubuhi huitia chai yake vijiko vitatu vya sukari mbele ya kila mtu, bila haraka. Binti akanipigia. "Shangazi, nikinyamaza nitakuwa nimemuua. Nikisema nitakuwa nimemfundisha." Kumfundisha mama mkwe, wenye kujua watanielewa, ni neno zito kuliko kumtukana.

Tukaanza kupima sentensi kwenye simu. "Mama, acha sukari" hatukuijadili. "Mama, unatakiwa upunguze sukari" ina -e yake vizuri, lakini unatakiwa na nani? Hiyo kauli ya kutendwa humleta mtu asiyeonekana mwenye muhuri, na mama mkwe angeanza kumtafuta ndani ya nyumba yake. "Mama, unashauriwa" ni tangazo la stendi. "Mama, ingefaa upunguze" ilikaribia, ila bado ilikuwa inatoka kwa mkwe kwenda kwa mama moja kwa moja, bila kupita kwa yeyote. Tukaishia hapa: "Mama, mtu ukiwa na hii sukari, wale wa kliniki huwa wanaanza kwa kupunguza kijiko kimoja kimoja." Mtu, kisha u-, kisha watu wa kliniki kubeba mzigo, kisha huwa, kuonyesha kwamba ni kawaida ya dunia na hakuna aliyelengwa.

Aliisema vizuri. Mama mkwe akakoroga chai yake, akajibu, "Hao wa kliniki hawanywi chai."

Aliyefanikiwa, kama kuna aliyefanikiwa, ni mjukuu. Siku nyingine mtoto alimwambia, "Bibi wewe, utakatwa mguu, halafu nani atanifukuza?" Bibi akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kanga, na siku hiyo vikawa vijiko viwili. Hakuna tafadhali pale, hakuna -nge-, hata shikamoo haikutangulia. Mjukuu na bibi ni watani, na utani una sarufi yake ambayo haipatikani kwenye kitabu changu chochote: ndani yake amri ni mapenzi na tisho ni kichekesho. Shemeji kwa shemeji wanayo hiyo. Mkwe hana. Kwa hiyo ukiwa na ushauri wa kumpelekea mkwe, kabla ya kuchagua kitenzi, chagua kinywa. Mara nyingi hakitakuwa chako.

Kwenye kicheni pati mambo hugeuka. Pale mwali hukalishwa, wakubwa wanasimama mmoja mmoja, na amri zinamwagika: amka mapema, jipambe, nyamaza akiwa na hasira. Hakuna anayesema ingefaa. Mwali anainamisha kichwa chini ya kanga na anapokea, kwa sababu shughuli yenyewe imeshawapa waliosimama daraja la juu, na yeye amekubali kukaa chini. Nimewahi kumsikia mwanamke mmoja pale akisema "ingekuwa vyema kama ungejaribu kumsikiliza mwenzio", ukumbi ukaguna. Aliyesema ni mwenye elimu yake, maneno yake ni mazuri, ila aliwavunjia wenzake ngoma. Ushauri wenyewe ulioagizwa kwa mwali, kila kitu abebe mwanamke, huo nina maneno nao, lakini ni makala nyingine.

Na kuna wakati kuremba ni ukatili. Rafiki yako yuko benki anatoa pesa za kumlipa dalali ambaye hajamwonyesha hata karatasi moja. Hapo hakuna "mtu ukinunua", hakuna "nilikuwa nafikiri". "Usilipe. Toka hapo, nakuja." Radhi utaiomba jioni.

Linalobaki ni majibu, maana mshauri mwenye adabu anapaswa kujua kusoma anachojibiwa. "Nimekuelewa" ina matumaini. "Nimekusikia" ina matumaini kidogo. Masikio yamefanya kazi, mengine hayakutajwa. "Inshallah" inategemea nani amesema na ametazama wapi. "Tutaona" ni hapana yenye tu- ndani yake, ili usijisikie vibaya peke yako. Na "nitalifanyia kazi", hasa ikisemwa haraka na kufuatiwa na "asante sana mwalimu", ni mlango uliofungwa kwa mikono miwili. Ukiipata hiyo, usirudie kwa maneno mengine, usiongeze mfano. Uliza kama mvua zimeanza huko kwao.